Jiwe la Kigwena

Rumonge, tarehe 26 Mei 2024

Yaya Sumaya, mukubwa wangu,

Kabla sijakuamkia acha nikuambie alichofanya Raisa wangu sasa hivi, bado nahema. Amevaa viatu vya baba yake, ameweka kikombe cha chai kichwani kama mutungi, ametoka mupaka pembeni ya barabara. Akamusimamisha muzee wa baisikeli aliyepakia vidumu vya mawese, akamuuliza, "Babu, Kabonga iko wapi?" Muzee akashuka kabisa. "Kabonga iko mbali, mama. Unaenda kufanya nini?" Raisa akajibu, "Naenda kwa miguu." Nimemurudisha nikiwa nimemukumbatia kiunoni, viatu vya baba yake vimebaki barabarani vikimungoja mwenyewe.

Sasa amahoro, yaya. Amahoro kwa shemeji Rachidi pia. Sisi tuko wazima. Muguu wa Mama umepona, ameanza tena kugombana na majirani, ndiyo tumejua umepona. Nasoro wangu haonekani, kichwa chake kiko ndani ya cherehani, watu wanashonesha nguo za Idi. Amenishonea blauzi kwa vitambaa vilivyobaki, mukono mumoja maua, mwingine mistari. Nimeenda nayo sokoni, dada mumoja akaniuliza kama ndiyo modeli mupya. Nikamwambia ndiyo, imetoka Bujumbura.

Barua hii nampa Tahiri wa Hiace, akuletee Jumamosi kwenye meza yako soko la Nyanza-Lac. Simu ningekupigia, lakini unajua Mama alivyokata shauri tangu tulipogombana kwa ajili ya nyumba ya Bibi: "Kwa simu munatukanana. Andikianeni. Hasira inachoka kwa mukono kabla haijafika kwa karatasi." Basi mukono wangu huu hapa, na makosa yake yote, unisamehe, shule niliishia mwaka wa sita.

Jambo lenyewe ni hili. Vakansi inakaribia. Shule ikifungwa, mandazi yangu nayo inaenda vakansi, hakuna mutoto wa kuyanunua. Raisa amefika miaka minne. Yaya, nataka nimulete kwa miguu! Kijiji kwa kijiji, ziwa mukono wa kuume, kama Baba alivyokuwa anatuleta sisi kwa Bibi. Unakumbuka? Kila kijiji tunanawa uso ziwani, tunasalimia wenyeji, tunaokota jiwe moja dogo pale pale miguu iliposimama. Mawe saba, vijiji saba. Tukifika Kabonga Bibi anachanganya simenti kwenye sahani ya kulia bugari, anayapanga kwenye kizingiti cha mulango. Safu yako saba, safu yangu sita, kwa sababu lile la tatu, la Kigwena, nilimutupia nyani aliyetaka muhogo wangu. Nililia mupaka Kabonga! Bibi akaacha shimo katikati ya safu, akasema, "Utalileta."

Nataka Raisa awe na safu yake, na mimi nizibe shimo langu. Niambie tu ndiyo.

Zamani uliniita Kandagala, nilivyokuwa mukavu kama samaki ndagala wa juani. Sijui leo utaniitaje.

Mudogo wako,
Mwanvua

*

Kabonga, tarehe 15 Juni 2024

Kwa Mwanvua,

Amahoro. Barua imefika. Idi iko kesho, nakutakia Idi njema, wewe na Nasoro na mutoto. Mwambie Mama dawa ya muguu asiache kwa kuwa amepata nguvu ya kugombana. Rachidi anakusalimia. Uvuvi iko hivyo hivyo, siku moja mukeke, siku tatu maji matupu. Muhogo tumepanda, umeshika vizuri, huku juu udongo iko laini.

Hiyo habari ya kuja kwa miguu, acha. Njia si ile ya zamani. Viboko wako wengi. Mutoto wa miaka minne si punda. Ukitaka nimuone, panda gari la Tahiri Jumamosi moja, shuka sokoni Nyanza-Lac, nitawanunulia soda, tutazungumza, jioni mutarudi.

Halafu nilitaka kukuuliza. Ile picha ambayo Bibi amekaa barazani, nyumba inaonekana yote mupaka mabati, bado iko kwako? Ukiipata unitumie. Usiniulize ya nini.

Ni mimi,
Sumaya

*

Rumonge, tarehe 30 Juni 2024

Yaya Sumaya,

Kwanza amahoro, na Idi iliyopita iwe ya heri. Sisi tulikula mupaka Raisa akalala na mufupa mukononi. Mama amesikia neno lako la dawa, amesema, "Huyo Sumaya anajifanya daktari tangu lini?" Lakini ameimeza mbele yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Halafu nimempa Speciosa aisome, jirani yangu, yule mwalimu aliyekulia Tanzania kambini, wazazi wake wako Nyanza-Lac. Yeye barua zangu pia anazisoma, anacheka, anasema Kiswahili changu kimekaangwa na mawese. Nikamuuliza, "Mwalimu, huyu bado iko na hasira?" Akasema, "Mwanvua, mtu mwenye hasira hanunui soda." Nikapata moyo kidogo.

Lakini yaya, soda! Mimi nizungumze na wewe mbele ya watu wa nyanya na vitunguu, kama tumekutana kwa bahati mbaya?

Najua kinachokuuma. Ni lile neno langu la simu, baada ya matanga ya Bibi. Nilikuambia umekalia nyumba ya Bibi kama kuku aliyekalia mayai ya mwenzake. Nimeliandika hapa waziwazi ili uone sijasahau. Na wewe ulinijibu yako, hayo siandiki. Miaka miwili imepita. Sijaomba nyumba, yaya. Naomba kizingiti, tena si chote, mahali pa mawe saba na moja.

Kitu kimoja sijakielewa. Umeandika "huku juu". Kabonga yetu iko na juu gani? Nyumba ya Bibi ilikuwa chini kabisa, mawimbi yalikuwa yanakuja mupaka barazani kama wageni. Barua zako zote za zamani hazikumalizika bila kelele za maji. Hii haikuwa na tone.

Picha iko kwangu. Siitumi! Nitaileta mwenyewe, na miguu yangu.

Speciosa anaenda kwao vakansi, amekubali tutembee pamoja mupaka Nyanza-Lac, tutaondoka tarehe tano ya mwezi wa nane. Nimesema kwa Nasoro, ameanza kushona mufuko wa mugongoni wa Raisa, wenye vifungo viwili. Ndiyo jibu lake hilo.

Hapa chini nimechora muguu wa Raisa, alicheka sana kwa kutekenywa na biki, ndiyo maana kidole kidogo kimetoka nje ya mustari. Uone mwenyewe kama ni muguu wa kukaa nyumbani.

Mudogo wako asiyesikia,
Mwanvua

*

Kabonga, tarehe 13 Julai 2024

Mwanvua,

Amahoro. Tuko wazima. Nimesema usije, na neno langu ni lile lile.

Kwenye kifurushi iko mukeke mukavu wa Mama, umulowanishe vizuri, meno yake mimi nayajua. Iko pia viatu vya mutoto. Rachidi amevikata kwa tairi, kwa kufuata ule muchoro, ameacha nafasi ya kidole kilichotoka. Kamba tumeshona mara mbili, kwa mawe na kwa mchanga havitakatika. Viatu hivi si vya kuja huku. Ni vya kuchezea.

Ukipita Kigwena usimupe nyani kitu chochote mukononi.

Sumaya

*

Kigwena, tarehe 6 Agosti 2024

Yaya wangu Sumaya,

Amahoro kutoka njiani! Naandika nimekaa juu ya mutumbwi uliogeuzwa, kaye ya kuandikia iko kwenye magoti, mbele yangu ziwa limetulia kama sahani. Mama alibaki mulangoni akitupungia mukono na kutugombeza kwa pamoja. Nasoro alitusindikiza mupaka tulipotoka mujini, halafu akarudi bila kugeuka, nikajua analia.

Yaya, tunatembea! Siku ya pili leo! Nilikuwa nimesahau kwamba dunia ina harufu. Asubuhi ni moshi wa wachemsha mawese, baadaye ndagala zinazoanikwa juu ya mchanga, baadaye matope mabichi na majani. Raisa anatembea mbele na mufuko wake wa vifungo viwili na viatu vyako vya kuchezea. Kwa kila mutu anasimama, anatoa salamu: "Amahoro, mimi naenda kwa miguu." Wamama waliokaa kwenye ndagala wanapiga vigelegele kama bibi harusi amepita. Mumoja ametupa muhogo wa kuchemsha, akakataa tumushukuru, akasema, "Nendeni, nendeni, mutaniletea habari za huko." Akichoka namubeba mugongoni, anahesabu michikichi mupaka kumi, anarudia moja.

Mawe tayari ni matatu. Na hapa Kigwena nimeokota mawili! Moja lake, moja langu, jeusi lenye mustari mweupe. Nimelifunga kwenye kona ya kitenge, fundo tatu. Nyani mukubwa amekuja akakaa anatuangalia. Raisa akamuuliza, "Wewe ndiye uliyechukua jiwe la Mama?" Speciosa amecheka mupaka akakaa chini. Amesema, "Mwalimu nimefundisha miaka sita, sijaona mshtakiwa mwenye utulivu kama huyu."

Sasa yaya, nataka kukuambia kitu, mukono umekuwa muzito.

Ile njia yetu ya Baba haiko. Kule Rumonge naona maji yalivyopanda, lakini nilifikiri ni kwetu tu, pale bandarini. Kumbe ziwa limekula pwani nzima. Kila kijiji tunaulizia njia mupya, tunapita katikati ya michikichi, tunaona njia ya zamani inaingia majini kama mutu anayekwenda kuoga. Asubuhi tumeona nyumba iliyobaki mabati tu juu ya maji. Muvuvi amefunga mutumbwi wake kwenye dirisha. Raisa akauliza, "Mama, wenyewe wako wapi?" Kimama mumoja akamujibu akinyoosha kidole kwenye kilima, "Wako huku juu, mwanangu."

Huku juu.

Nilisimama pale, yaya, Speciosa akaniita mara mbili sikusikia. Udongo laini wa muhogo. Barua isiyokuwa na tone la maji. Picha yenye mabati yote. Mimi mujinga nilikuwa nasoma hasira, kumbe kilichoandikwa ni kitu kingine.

Kama nimekosea, unicheke. Kama sijakosea, usiniandikie nirudi, kwa sababu sitarudi. Tutafika kwa wazazi wa Speciosa Ijumaa. Tahiri amesimama barabarani anapiga honi, barua anaichukua, atampa kijana wa moto, wa pikipiki, akufikishie leo leo.

Mudogo wako,
Mwanvua

*

Kabonga, tarehe 8 Agosti 2024

Mudogo wangu,

Amahoro kwako, kwa mwalimu na kwa huyo anayehoji nyani. Rachidi ameisoma barua yako kwa sauti mbele ya wavuvi wenzake, sasa mutoto iko na jina hapa Kabonga hata mbele hajafika. Mama amenipigia simu, anauliza kama mumefika kila baada ya sala.

Hukukosea.

Nyumba ya Bibi iliondoka mwezi wa nne. Si kwa siku moja. Kwanza maji yakaja barazani, nikasema ni wageni kama zamani. Yakaingia sebuleni. Nikapandisha vitanda juu ya matofali. Siku ukuta wa nyuma ulipolala, watu wote wakakimbilia mabati, kwa sababu mutu akiwa na mabati ana nyumba kesho. Rachidi akapanda juu akaniambia, "Shika hapa!" Mimi sikushika. Mimi nilichukua mutalimbo wake, nikaanza kung'oa kizingiti.

Wakadhani nimerukwa na akili. Rachidi akapiga kelele kutoka juu, "Wewe mwanamuke! Wenzako wanaokoa mabati, wewe unaokoa mahali pa kukanyaga!" Nikamwambia ashuke anisaidie au anyamaze. Akashuka. Wanaume wanne walikibeba, kizito kama ng'ombe. Tulipokifikisha juu na kurudi, nusu ya mabati ilishachukuliwa na mawimbi. Mupaka leo sokoni wananiita Mama Kizingiti, na Rachidi ndiye anayecheka kuliko wote.

Sasa tuko kwenye shamba la michikichi. Nyumba ni miti na bashi la plastiki, mulango ni kitenge. Mbele yake kizingiti kimelala chini, kizuri kuliko nyumba yenyewe. Kona moja imevunjika, lakini safu zetu ziko. Shimo lako la tatu liko, mvua ikinyesha linajaa maji, kuku wanakunywa humo.

Sikutaka uone. Uliniambia neno la mayai, na mimi hayo mayai sikuweza kuyalinda. Ningekuambiaje kwamba kitu tulichogombania miaka miwili samaki ndio wanalala humo? Nilitaka picha niitazame peke yangu.

Ukitoka Nyanza-Lac usifuate maji. Fuata michikichi mupaka njia nyembamba ya mchanga mwekundu, hapo ndipo kijiji cha mwisho, mulale kwa wenyeji. Kutoka pale ni saa moja na nusu kwa miguu ya mutoto.

Sina nafasi ya kulaza wageni. Simenti ninayo.

Sumaya

*

Kijiji cha mwisho, tarehe 11 Agosti 2024, asubuhi

Yaya wangu,

Raisa ameniachia sasa hivi kofi la maji ya ziwa usoni, anasema mimi ndiye sijanawa. Amenawa yeye, amemunawisha mbuzi wa wenyeji, sasa anatafuta jiwe la saba. Anainua moja, analinusa, anarudisha. "Hili limelala," anasema. "Hili halitaki kwenda."

Amahoro, yaya. Wenyeji wetu wanakusalimia, kumbe wote wanakujua, nilipotaja jina lako baba mwenye nyumba akapiga paja: "Mama Kizingiti! Kwa nini hamukusema tangu jana, tungewapa kitanda kikubwa!" Speciosa tulimuacha kwao Ijumaa, alinikumbatia, akaniambia, "Kiswahili chako usikibadilishe, kitaharibika." Mama yake ametupa unga, Raisa ameukalia.

Barua hii sitampa Tahiri wala kijana wa moto. Nitakupa mwenyewe, mukononi, kabla sijakusalimia kwa mudomo. Naogopa tukionana nitalia tu, na niliyotaka kusema yatabaki. Kwa hiyo nayaweka hapa, kama Mama alivyotuamuru.

Barua yako niliisoma nimekaa mulangoni kwa wazazi wa Speciosa, nikacheka kwenye mabati, nikalia kwenye kuku wanaokunywa kwenye shimo langu. Mutu anayeacha nyumba nzima izame ili kuokoa safu ya mawe sita ya mudogo wake aliyemutukana, huyo mimi nilimwita kuku. Yaya, nisamehe. Nimeliandika. Mukono haujachoka, ungeandika kaye nzima.

Nafasi ya kulala usihangaike nayo. Tumetembea siku saba, tunaweza kulala tumesimama kama punda. Picha ya Bibi imo ndani ya mufuko wa vifungo viwili, haijakunjika. Tutaitundika kwenye mulango wa kitenge, Bibi aone kizingiti chake kimepanda mulima. Na wewe utanionyesha sahani ya kuchanganyia simenti, kama nayo uliiokoa, nakujua. La Kigwena nitalipanga mimi mwenyewe. Nimelitoa kwenye fundo, liko hapa juu ya karatasi linanishikia upepo.

Raisa amepata! Jeupe kama jino. Anakuja mbio, viatu viko mukononi, anasema havitaki kulowa, ni vya kufikia.

Na jambo la mwisho, yaya, ambalo sijawahi kumwambia mutu, hata Nasoro. Siku ile ya matanga, mimi nyumba ile sikuitaka kwa ajili ya ukuta wala mabati. Niliogopa kwamba Bibi akishaondoka, na wewe ukabaki huko peke yako, hakuna tena mutu atakayeniita jina la

Ngoja. Mutu anaita huko juu kwenye michikichi. Mbwa wa wenyeji wamesimama. Anaita tena, kwa nguvu, kama mutu aliyetoka kwake mbele jua halijatoka na hakuweza kungoja saa moja na nusu: "Kandagala! We Kandagala!" Raisa ananivuta kitenge, "Mama, Kandagala ni nani?" Ni mimi, mwanangu, ni mimi, shika hili jiwe, shika vizuri, naja yaya, naja, nilitaka tu kumalizia hapa kwamba